Viraka Vitano vya Tyubu Nzima

Mimi si fundi, niseme ukweli mapema. Lakini nilipotoka Nyeri kumtembelea mama ya mchumba wangu huko Wang'uru, nikakuta gurudumu la nyuma la baiskeli yake limeisha upepo, mdomo ukanitangulia. "Mama, hiyo niachie mimi. Ni kazi kidogo tu."

Nikachomoa tyubu, nikaijaza upepo na, kwa kuwa beseni lilikuwa na mchele, nikaizamisha kwenye mtaro wa maji wa shamba la mpunga nione inakovuja. Mapovu! Nikaikausha, nikabandika kiraka, nikaizamisha tena. Mapovu mengine, mahali pengine. Kufikia kiraka cha tano nilikuwa nagombana na tyubu kwa sauti, na akina mama waliokuwa wakipalilia wameacha kazi wanitazame.

Mama akaja. "Ati bado iko na shimo?"

"Mama, hii imeoza. Ni ya kutupa."

Akachukua kijiti, akakidunga kwenye matope ya mtaro, mbali kabisa na tyubu. Mapovu yakapanda. Kumbe matope yenyewe ndiyo yalikuwa yakipumua.

Kisha akatema mate kidogo kidoleni. Kwetu mzee akikutemea mate anakubariki, basi nikavua kofia, nikainamisha kichwa, amina ikiwa mdomoni. Kidole kikanipita. Kikaenda kupaka mate kwenye valvu, na hapo hapo mate yakaanza kutoa povu.

"Valvu imelegea tu," akasema. "Vaa kofia, mwanangu. Jua ni kali."