Jicho la Kulia la Bibi

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilimpaka bibi yangu rangi ya macho akiwa amelala, bila ruhusa yake, na sikuona haya hata kidogo. Haya ilinijia baadaye, tena mbele ya watu.

Nilikuwa na sababu. Jumamosi ile binti wa jirani yetu hapa Bofu, Likoni, alikuwa anapambwa, na alikuwa amenichagua mimi nimfanye macho. Mimi, ambaye hadi hapo sikuwahi kupamba mtu ila dada zangu na binamu zangu, siku za Idi, bure. Mama yake hakunitaka. Alimtaka mpambaji mmoja wa Kisauni mwenye saluni ya vioo pande zote na kiti cha kuzunguka, na alinieleza hivyo ana kwa ana, kwetu, huku akila mahamri niliyoyapika mwenyewe. Binti akashikilia kwamba ni mimi au hapambwi. Mama akakubali kwa shingo upande, akanipa siku tatu nimwonyeshe kitu cha kumtuliza moyo.

"Rangi ikimshukia mwanangu mashavuni mbele za watu," akaniambia, "utahama Likoni."

Namjua, akisema atakuhamisha, anza kufunga virago.

Siku ya kupamba kwetu ni ya wanawake watupu. Bibi harusi hupandishwa jukwaani, akaketishwa, akafumba macho. Hafumbui. Akifumbua watasema msichana gani huyu, hana soni, ana haraka na mume. Basi wanawake hupanda mmoja mmoja kumtazama kwa karibu, na kwa kuwa macho yamefumbwa, wanachokitazama hasa ni kope. Huinama, wakapinda shingo, wakakaza macho, kisha hushuka wakiwa na la kusema. Hina ikiharibika watasamehe, hata nywele watasamehe. Kope hawazisamehi.

Nami nilikuwa na kitu ambacho Bofu ilikuwa haijakiona. Vikopo vinne vya rangi inayogeuka, nilivyovipata kwa muuza vipodozi mmoja baada ya kumsumbua mwezi mzima. Ukiitazama kwa huku ni kijani, ukisogea hatua moja ni zambarau, ukiinama inakuwa dhahabu, na juu yake kuna vimeta vinavyowaka kama shingo ya njiwa aliyesimama juani. Niliipenda mpaka nikawa naamka kuitazama kabla ya kunawa uso.

Lakini kuipenda ni jambo moja, kuituliza kopeni ni jambo jingine. Nilianza na mkono. Kwa brashi kavu ilinipiga chenga: rangi ikakaa nusu, nusu ya pili ikaruka, jioni nikaokota vimeta ndani ya bakuli la chumvi. Juu ya poda nyeupe ilipooza, ikafanana na majivu. Juu ya wanja mweusi uliopakwa mwembamba, lo, iliamka! Nikagundua pia kuwa kidole kinaishinda brashi, kwamba unaigandamiza tu, huipangusi. Nilisimama na mkono ule juu ya mvuke wa wali wa nazi, nikautia chini ya mfereji, nikautembeza juani hadi dukani na kurudi. Ulistahimili.

Ila mkono haufumbi wala hautoi machozi. Nilitaka kope, tena kope iliyofumbwa kwa muda mrefu. Zangu sikuweza kuziona, na simu ilipiga picha ya rangi moja tu, ile nyingine ikaikosa. Mdogo wangu nilimshika, akapepesa na kupiga kelele kama anachinjwa. Hapo ndipo nikamkumbuka bibi.

Bibi, mama yake mama, alizaliwa ng'ambo ya kivuko katika nyumba ya watu wa zamani, akaolewa huku Likoni, na mpaka leo Kiswahili chake hakijavuka. Macho kwake ni mato. Enzi zake yeye ndiye aliyekuwa mpambaji wa mtaa mzima, kwa wanja wa kusaga mwenyewe, hina na asumini, na kila kilichotoka kiwandani alikiita unga. Nilipomwonyesha vikopo vyangu alivitazama kwa mbali.

"Hayo ni magamba ya samaki, mjukuu wangu. Mtu mwenye akili zake hayatii matoni."

Kila siku akishasali Adhuhuri na kula, bibi hujinyoosha kitandani chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kimya. Huwezi kupata kope bora kuliko hizo. Tena zina mikunjo, na rangi hupenda kujificha mikunjoni. Nikajiambia, ikishika kwenye kope za bibi, kwa msichana wa miaka ishirini na mbili itakaa mpaka ajifungue.

Basi nikaingia kwa ncha za vidole. Jicho la kulia nililipa heshima zote: wanja mwembamba, tone la gundi ya kope, kisha rangi kwa kidole, taratibu, kidogo kidogo. La kushoto nililifanya kwa njia ile ya watu wavivu, brashi kavu na mafuta kidogo, ili nione tofauti. Katikati ya kazi bibi alikohoa, akainua kidevu. Nikakauka. Hakufumbua. Kwa kweli kidevu kilivyoinuka kilinirahisishia kazi, nikamshukuru Mungu kwa usingizi mzito wa wazee.

Nia yangu ilikuwa nimwache saa moja, nitazame, kisha nimfute kwa mafuta kabla hajaamka. Nilikuwa nimeshaandaa pamba.

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani wa nyuma. Alikuja kutukumbusha hitma ya arubaini, kisomo cha siku ya arubaini tangu afariki ajuza mmoja wa mtaa wetu. Wanawake walikuwa wameshaanza kuketi. Bibi akafumbua macho palepale, akavuta buibui, akatafuta viatu. Mimi nimesimama na pamba mkononi. Kila alipopepesa, chumba kilimeta.

Tumaini langu likawa moja tu. Usingizi wa kulala chali hutengua udhu, na bibi hawezi kushika juzuu ya Qurani bila udhu. Angekwenda kutawadha, angeosha uso, mambo yangeisha. Nikakimbilia birika, nikamletea maji, nikamwekea na kigoda.

"Bibi, maji ya udhu haya."

"N'nao," akasema. "N'metawadha kwa Adhuhuri."

Akatoka.

Nilifuata nyuma nikijikaza kisabuni. Sasa nilikuwa na matatizo mawili. La kwanza, bibi yangu anakwenda kwenye hitma na macho ya sherehe. La pili lilikuwa baya zaidi: amesahau kwamba alilala. Ningemkumbusha, angekwenda mferejini, maji yangetiririka kijani na zambarau, nami ningekiona cha mtema kuni. Nisingemkumbusha, angesoma Qurani bila udhu kwa sababu yangu. Nikachagua kunyamaza. Nilichagua ngozi yangu, na hilo sijalisahau.

Alikaribishwa mbele, mkabala na dirisha. Akapewa juzuu, akainamisha macho kusoma, na kope zake zikafunguka mbele ya watu kama kanga mpya. Waliokaa upande wa dirisha waliona kijani. Nilijua kwa sababu mmoja alimnong'oneza mwenzake "kijani", na wa upande wa ukuta akatikisa kichwa, "zambarau hiyo". Wakaanza kubishana kwa midomo isiyo na sauti huku kurasa zikigeuzwa. Mwanamke mmoja alihama kutoka ukutani hadi dirishani akijifanya anafuata upepo. Nilitamani jamvi linimeze. Na pale karibu na mlango, juzuu mkononi lakini macho yote kwa bibi, alikuwa mama wa bibi harusi.

Kisha bibi akalia.

Hapa lazima mjue jambo. Bibi na yule marehemu hawakuwa wakisemezana kwa miaka mingi, kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi iliyoazimwa isirudi. Siku ya maziko bibi alikaa macho makavu, akanywa kahawa mbili, akarudi nyumbani. Leo, arubaini yake, machozi yalimbubujika. Mabega yalitikisika. Wanawake waliguswa, mmoja akasema, "Alhamdulillahi, amemsamehe." Mimi nilitazama macho yake. La kushoto likaporomoka mara moja, mchirizi wa kijani mpaka kidevuni. La kulia lilisimama imara, likazidi kuwaka kwa maji.

Mama wa bibi harusi akainuka na leso, akaja kumfariji. Akapiga magoti, akampangusa bibi shavu la kushoto, halafu akahamia kope ya kulia, akaipangusa muda mrefu kuliko machozi yalivyohitaji. Akaisugua kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. Kikavu, kisafi.

Alasiri ilipoingia, bibi alisimama safuni na udhu wake uleule, nami nikasimama kando yake nikiwa sijui hata nimesoma nini. Tulipotoka, penye viatu, mkono ukanifinya ubavuni.

"Hiyo ya kulia," mama wa bibi harusi akaninong'oneza. "Ya kushoto katupe."

Kazi ilikuwa yangu. Nilipaswa kuruka. Badala yake nilitembea kando ya bibi hadi karibu na kona ya nyumbani, kisha nikasimama katikati ya njia.

"Bibi, nisamehe. Udhu wako ulitenguka. Ulilala, nami nikakupaka rangi, na niliogopa kukwambia. Umesoma na umesali bila udhu, na dhambi ni yangu."

Bibi akanitazama, jicho moja la harusi, jingine la msiba.

"Nilale saa ngapi, na wewe wanitomasa mato? Hata ng'ombe hangelala. Nikakuinulia kidevu, nikasema labda huyu atafahamu. Wapi!"

Nilipigwa na butwaa. Alikuwa macho tangu kidole cha kwanza. Kwa hiyo udhu wake ulikuwa mzima tangu Adhuhuri, na mwenye kasoro siku ile nilikuwa mimi peke yangu.

"Na kilio, bibi? Si umemlilia marehemu?"

"Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema. "Mbuzi yangu iko wapi? Yule mama wa bibi harusi alikuwa akwangalia kwa jicho la dharau, nami sikuwa na mvua ya kukuletea, aone rangi yako yashika maji. Nikatoa niliyo nayo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa watu. Yeye hakucheka. Aliniambia tu nisijaribu tena kumpaka kwa mafuta na brashi kavu, kwamba rangi ya kushoto ilianza kumtoka kabla hajafika hata mlangoni, na kwamba wanja wangu wa chini ni mzuri lakini ninauvuta nje mno. Hiyo ilikuwa hukumu ya mpambaji, na niliipokea kwa heshima.

Nyumbani nikamketisha, nikachukua pamba na mafuta ya nazi, nikaanza kumfuta, maana Magharibi ilikuwa inakuja na maji ya udhu lazima yafike kopeni. Jicho la kulia lilikataa, ikabidi nilifute polepole sana. Alifumba macho bila kuambiwa.

"Lakini mbona hukuniambia kuwa u macho?" nikamuuliza.

"Ningekwambia, ungeacha."

Akanisogezea uso.

"Nimeshika nyuso za wari wa kuolewa wangapi mimi, wallahi siwezi kuwahesabu. Wangu, tangu siku n'lopambwa mwenyewe, hapana alowahi kuushika. Babu yako alikuwa mwema, lakini mikono yake ilikuwa migumu kama kamba." Nikaendelea kufuta ingawa kope ilikuwa imeshatakata. Nilikuwa ninalia, na sikutaka afumbue akanione.

Jumamosi bibi harusi alikaa jukwaani saa mbili na nusu, feni zimekata tamaa, jasho linawatoka hata waliokaa chini. Wanawake walipanda, wakainama, wakapinda shingo, wakashuka wakigombana kama ni kijani au zambarau. Hakuna hata kimeta kilichoanguka. Mama yake alinitumia sinia la biriani na maneno kwamba sihami.

Bibi hakupanda kutazama. Alisema ameshaiona rangi hiyo.

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, nilikuwa jikoni naosha masufuria niliposikia ananiita. Nikaitika abee, nikaingia. Alikuwa kitandani chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kidevu kimeshainuliwa. Vikopo vyangu vinne alikuwa amevipanga kwenye kigoda kando yake.

"N'shalala," akasema.