Baba Mkwe na Injini ya Dizeli

Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu, baba mkwe hakuwahi kuniambia neno. Hatukuwa tumegombana. Alivyolelewa yeye huko kusini, baba hazungumzi na mume wa binti yake ana kwa ana; neno hupitia kwa binti. Basi tukiwa tumeketi barazani kwake Keko, magoti yanakaribia kugusana, husema, "Mama, muulize mumeo kama chai imemtosha." Mke wangu hunigeukia. Nimeshasikia, lakini nangoja niulizwe. "Mwambie baba imenitosha." Naye kashasikia, anangoja aambiwe.

Mke wangu aliita hiyo heshima. Mimi, mtoto wa Kinondoni, mtu wa hasira za karibu, niliona tu kwamba hanitaki. Nilikuwa fundi mitambo kiwandani Wazo, kucha nyeusi mwaka mzima, nikajiambia mzee alitamani mkwe wa ofisini. Na ushahidi nilikuwa nao: hajawahi kukanyaga kwetu, hukohuko Wazo. Kila akialikwa, "Mama, mwambie mumeo ni mbali." Mke wangu aliumia kimyakimya. Mimi niliumia zaidi, maana baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na nilipooa nilidhani nimepata mwingine.

Gari nilikuwa nalo, dogo, la petroli, nililouziwa na mtu aliyelichoka. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na petroli unapanga tangu alfajiri, ukiikaribia pampu unaambiwa imekwisha. Dizeli ilikuwa afadhali kidogo kwa sababu ya malori na matrekta. Nilipopata injini ndogo ya dizeli, ya pikapu iliyopinduka, nikaamua nitang'oa ile ya petroli na kuweka hii, kisha nimfuate mzee mwenyewe hadi mlangoni, nisikie atasema nini tena kuhusu umbali.

Kazi niliifanyia uani kwake, kwa kuwa mafundi wa kuchomelea walikuwa jirani. Mke wangu alimuuliza: likiwaka, utakuja kwetu? Akajibiwa, "Kwanza liwake."

Injini ya dizeli ilikuwa nzito, tena ndefu kwenda juu. Niliiinua kwa mnyororo mara mbili kujaribu kama itaingia, mara mbili ikagoma, nikatukana mpaka kuku wakahama. Mzee alikuwa akipiga randa mlango wa kabati. Akaiweka randa chini.

"Mama, mwambie mumeo aache kuinuainua hilo lichuma. Atavunjika mgongo, wewe ubaki na gari."

Akaja na kamba na penseli, akaipima ile injini kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi. Baada ya siku mbili akatoa injini ya mbao, ya vipande vya mninga na masanduku ya zamani, urefu na upana uleule, hadi bomba la moshi. Niliibeba kwapani. Tuliiingiza garini na kuitoa labda mara kumi, yeye akipunguza huku na kuongeza kule, mpaka tukajua vishikio vichomelewe wapi na boneti ikatwe kiasi gani. Sijawahi kufanya kazi na fundi nikafurahi vile, na fundi mwenyewe hanisemeshi.

"Mama, mwambie asogeze kushoto."

"Mwambie baba kushoto kuna steringi."

"Nyie watu," mke wangu akasema, "mie nina maharage jikoni. Si msemezane!" Akaingia ndani. Tukaendelea kwa kuonyeshana vidole kama mabubu, hakuna aliyekubali kuanza.

Mpita njia mmoja alisimama. "Shikamoo, mzee. Siku hizi hata injini mnachonga?"

"Vipuri adimu, bwana," mzee akamjibu, mdomo wake mwenyewe. Nilimwonea wivu yule mpita njia.

Siku ilipowaka, ua mzima ulijaa moshi na bati za jirani zikalia. Mzee alisimama, mikono kiunoni, akatikisa kichwa taratibu. Nilipoizima akasema, "Mama, mwambie mumeo Jumamosi nakuja."

Jumamosi alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshakaanga samaki, changu wa Kunduchi, lakini akaja nami kumchukua, akakaa nyuma. Mzee akakaa mbele, kama inavyostahili. Kelele ya ile injini sikuwa nimeipima. Lile gari lilikuwa bati tupu, na dizeli ilingurumia miguuni mwetu kama mashine ya kusaga. Tulivuka mjini tukashika barabara ya Bagamoyo bila mtu kusikia mtu.

Tulipoipita Mwenge mzee aligeuza kichwa. "Mama, mwambie mumeo apunguze mwendo!"

"Eeh?"

"Mwambie mumeo apunguze!"

"Baba, sisikii!"

Mimi macho yalikuwa kwenye mshale wa joto, najisifu kwamba haupandi. Mzee akatazama mbele, akamtazama binti yake, kisha akanishika goti na kunipigia kelele sikioni:

"Mwanangu, shimo!"

Hilo neno la kwanza nililisikia vizuri kabisa. La pili halikunifikia, tukaingia shimoni mzimamzima, vichwa vikagonga paa.

"Huna macho?" akafoka. "Shimo lote lile! Ndivyo unavyomwendesha mwanangu kila siku?"

"Samahani, baba."

"Samahani nini! Tazama mbele!"

Alinifokea kutoka pale mpaka Wazo, bila kumtuma mtu, nami nikajibu kila neno. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na kazi, na sikutaka safari ile ifike mwisho.