Jina Nililomtajia Odetha

Naandika haya kwa aibu, maana nilimharibia mjukuu wangu Odetha. Anasomea digrii mtandaoni hapa nyumbani Kasulu, na alibakiza jambo moja tu: kuutetea utafiti wake mbele ya walimu, kwenye kompyuta.

"Bibi, wakiona mtu mwingine chumbani wananifutia mtihani," alinionya.

Mimi nikaelewa mradi nisionekane. Nikaketi nyuma ya pazia, nachambua maharage.

Mwalimu akamwuliza, "Wakulima watano uliowahoji Kitanga ni akina nani?"

Akataja wanne, akakwama. Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini jina la mtu halinipotei, na hao watano alishanitajia mwenyewe. Kweli mtoto wangu akose digrii na jina ninalo?

"Leokadia, mke wa Filipo!" nikasema.

Mwalimu akainua kichwa. "Odetha, ulituahidi uko peke yako. Geuza kamera."

Akavuta pazia, akageuza. Nikaonekana na ungo wangu mapajani.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Msimkasirikie. Simsaidii siku zote, ni leo tu."

Odetha akafumba macho. Mwalimu akainama, akaanza kuandika.