Tanki ya inox ya maternité ilishika kutu

Admin, ficha jina yangu, juu basoudeur ba hapa, benye kuunga bichuma na moto, bakijua ni mi, bote batafunga atelier na haya. Toka Musonoi mpaka Kisenge, hakuna mutu anasoudé kunipita. Niko na miaka makumi mbili na mbili. Masomo niliachia secondaire ya pili, mwalimu njo alikosa cha kunifundisha.

Mwezi ulipita tulitengeneza tanki ya mayi ya inox, ile chuma ya kungara, ya maternité moja ya Kapata, kule bamama banazalia. Kisha mi kusoudé, kazi inabakia ya Tata Saidi, mwenye alinifundisha kushika baguette ya kusoudé. Anapakaa acide, anangojea, anaosha na mayi mingi. Acide inatosha uchafu ya chuma, inox inajirudishia ngozi yake, haishike kutu.

Lakini ule mzee sikumuamini. Acide anafungia na kifunguo, anachanganya peke yake nyuma ya ukuta. Siku moja nikachungulia: anaimwanga mu ndoo ya mayi. Nikasema, aha, huyu anapunguza, ingine anauzisha.

Juma mbili kisha kupeleka tanki, maternité bakatuita: iko na kutu. Mi mbio kwa patron, mwenye atelier, nikasema yote nilichungulia. Tata Saidi alijibu paka hivi: “Patron, ile dawa bachanganyaka na mayi. Uulize huyu mutoto alifanya nini kisha mi kuosha.”

Nikamucheka. “Tata, uzee iko nakuharibu akili.”

Patron akamufukuza, kifunguo ya acide akanipa mi.

Jana nilitumwa kuangalia ile tanki. Pale nilisoudé, pale Tata alipakaa acide, hakuna kutu kubwa. Kutu iko mistari mistari, imelala sawa vile mukono ya kushoto inapitaka. Mu atelier yetu, wa mukono ya kushoto niko mi peke yangu.

Tata Saidi alitundikaka brosse za kusugulia mu misumari mbili: ya inox kwake, ya chuma ya milango kwake, na kila siku anatukataza kuzichanganya, juu brosse ya chuma inaachaka vumbi yake ku inox, na ile vumbi njo inashikaka kutu. Ile Ijumaa alimaliza kuosha tanki, alikuwa ameenda kusali. Mi nilitaka photo ya Facebook, tanki ingare. Nikakamata brosse ya karibu, ya milango, nikasugua mpaka ikangara.

Tangu jana naona patron iko nanitazama vingine. Kifunguo iko mu mufuko yangu, inanichoma. Bandugu, munipe akili: nianzie kwa patron, ao kwa mulango ya Tata Saidi?

Acide yake ilikuwa muzuri. Ni mi niliharibu tanki.