Mapumziko ya Mzee wa Pasi

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako litakuburuza, litafagia sakafu, na mwisho utafanana na maiti aliyejivika sanda mwenyewe. Linataka wawili: huyu ashike pembe hizi, yule zile, waachane, wakutane, waachane tena kama wachumba wenye haya. Katika kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, wawili hao walikuwa Pembe na Redio. Pembe aliitwa hivyo kwa kuwa pembe za shuka mikononi mwake zilikutana bila kupishana hata unywele. Redio, kwa kuwa aliyemuumba alisahau kumtilia kitufe cha kuzimia.

Pembe aliishi na baba yake, na baba aliishi na ugonjwa wa kusahau. Mzee alikuwa mpiga pasi wa kiwanda hichohicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikamuaga kwaheri. Enzi zake, msimamizi alisimama mlangoni na kupaza sauti, "Mapumziko!" Kabla ya hapo, ole wake atakayetia hata tone la maji kinywani. Sasa mzee alikuwa amemsahau mkewe marehemu, amemsahau binti yake, na kijiko alikiangalia kama mgeni asiyealikwa. Lakini sheria ile ilikuwa imeng'ang'ania kichwani mwake kama doa la kutu kwenye shuka jeupe. Hali, hanywi, mpaka atangaziwe.

Tena si na yeyote. Jirani yao, mama mwenye roho nzuri, alijaribu siku moja. "Babu, mapumziko!"

Mzee akampima juu mpaka chini. "Wewe nani? Aproni yako iko wapi?"

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Huyu uji ndio uliomsubiri mgonjwa, ukapoa, ukaota ngozi.

Basi kila mchana Pembe alitoka mbio na aproni yake ya buluu, ile moja tu aliyopewa kiwandani, akafika kwake akihema, akasimama kizingitini na kutangaza. Uso wa mzee ulichanua. "Asante, mkuu," akasema, ndipo akafumbua kinywa alishwe. Akimaliza: "Mkuu, naomba ruhusa niende chooni."

"Nenda, mzee."

Kazini akiomba ruhusa, nyumbani akiombwa. Cheo hicho hakuna aliyewahi kukililia kama yeye, na alikililia njiani akirudi, maana nyumbani hakukuwa na nafasi.

Saa ya chakula haikutosha. Kila akichelewa, Redio aliweka mashuka kando akakunja foronya. "Nenda tu, dada. Foronya haihitaji mwenza, mjane huyu," alisema. Lakini safari moja msimamizi aligundua, Pembe akapewa onyo. Ndipo alipokwenda kwa Meneja kuomba aanze kazi mapema asubuhi, ili mchana aongezewe muda.

"Dada yangu," Meneja akasema, mkono kifuani, "hapa sisi ni familia moja. Nikikupa wewe, wenzako watasema nina upendeleo."

"Familia!" Redio alifoka aliposimuliwa. "Baba gani huyo asiyejua hata watoto wake wanalala wapi?"

Haukupita muda, makao makuu yakamtuma mtaalamu kuja kufundisha namna ya kusawazisha kazi na familia. Semina iliwekwa saa ya chakula, kwa kuwa mashine haziwezi kusimamishwa kwa ajili ya mambo ya familia. Kuhudhuria ni lazima. Kulikuwa na soda, na fulana zilizoandikwa FAMILIA KWANZA, zote saizi moja.

Asubuhi hiyo Pembe alimfuata Meneja. "Bosi, mimi niruhusu nisiingie. Mzee wangu hali bila mimi."

"Wewe ndiye hasa mlengwa!" Meneja akashangaa kwelikweli. "Ukikosa wewe, semina ya nani sasa?"

Wakavuliwa aproni wapendeze kwenye picha, wakavishwa fulana, mlango ukafungwa. Mtaalamu akawaambia wafumbe macho na kumfikiria mtu wampendaye. Pembe akainua mkono.

"Maswali mwishoni, dada. Sasa hivi tunapumua."

"Toka," Redio akanong'ona. "Nitasema umeharisha."

"Wakinifukuza nitamlisha nini?"

Redio akafumba macho kama alivyoagizwa. Wakaendelea kupumua.

Nyumbani mzee alikaa mbele ya sahani iliyofunikwa, mikono magotini, kama mtoto mtiifu. Jirani alimchungulia, akamwona ametulia, akaenda kuanua nguo. Akili ilikuwa imepotea siku nyingi, lakini miguu ilikumbuka njia ya kazini. Mzee akaondoka na ndala zake mpaka kwenye geti la kiwanda.

"Nimekuja kuuliza mapumziko," akamwambia mlinzi, ambaye alikuwa mgeni na hakumjua.

"Wote wako kwenye semina, mzee. Nimeambiwa asiingie mtu."

"Basi nitasubiri."

Akaketi chini, mgongo ukutani, jua likimwangalia utosini. Mlinzi hakuwa katili. Alimletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Mzee akayarudisha kwa adabu.

"Bado hatujatangaziwa, mwanangu."

Semina iliisha kwa makofi. Pembe aliyapita makofi, akaupita mlango, na alipofika getini akaona ndala anazozijua. Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani. Akapiga magoti.

"Baba! Mapumziko! Mapumziko, baba!"

Mzee akaisoma ile fulana taratibu. "Wewe nani?" akauliza. "Aproni yako iko wapi?"

Redio, aliyekuwa nyuma yake, alirudi ndani akikimbia na unene wake wote, akarudi na aproni, akamvika mwenzake kwa kuipitishia kichwani, juu ya FAMILIA KWANZA. Pembe akasimama. Akajifuta uso. Akanyoosha aproni.

"Mapumziko, mzee."

"Asante, mkuu."

Alimeza funda moja la maji ya mlinzi. La pili lilimtoka mdomoni.

Hospitali walimlaza, lakini jua lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake, na hakumaliza wiki. Alilazwa juu ya shuka ambalo Pembe alipolishika ncha aliijua mikunjo yake. Pembe alikaa naye akiwa amevaa aproni. Wauguzi walimdhani mfanya usafi. Mwisho mzee alisema, "Mkuu, naomba ruhusa."

Hakumuuliza ya kwenda wapi. "Nenda, mzee."

Meneja alikuja mazishini na shada kubwa la maua, akalia machozi ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Shida ilikuwa hajawahi kumlisha mtu. Wiki iliyofuata akatangaza kwamba mwenye mgonjwa nyumbani atachagua saa yake ya mapumziko, aongezewe muda, na wakunjaji wabadilishane wenza. Mashine hazikusimama. Hakuna shuka lililochelewa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na hapo ndipo palipouma.

Wa kwanza kupewa muda huo alikuwa Pembe, ambaye hakuwa tena na mgonjwa. Mchana ulipofika aliketi kwenye benchi kando ya toroli la mashuka, kopo la chakula mapajani, kifuniko hajakigusa. Wenzake walikula, wakamaliza, wakamtazama, wakatazamana.

Redio aliinuka. Alinyoosha aproni yake, akaenda kusimama mlangoni, akapaza sauti.

"Mapumziko!"

Pembe akafungua kopo.