Kifungo Hataki Mgeni

Nyinyi mnaoniandikia kwenye maoni pale chini kwamba "mbwa watazoeana tu, wape muda", mnanichosha. Hamjawahi kukaa kwa shangazi yangu hata saa moja.

Shangazi ni fundi cherehani. Ana vyumba viwili: cha mbele anashonea, cha nyuma analala. Chini ya cherehani, juu ya mabaki ya vitambaa, anaishi Kifungo, mbwa wake mzee. Tangu watoto waondoke, Kifungo ndiye mtu wake wa kuongea naye. Nimesema mtu, na sifuti.

Sasa baba mdogo, kitindamimba wa kina shangazi, amefariki. Kaacha mbwa, dume kijana, anaitwa Bosi. Kwenye kikao cha familia kila mtu akawa na sababu zake. Huyu ana mtoto mchanga, yule amepanga ghorofani. Shangazi akachoka kusikiliza.

"Mleteni. Nimewalea nyinyi, nitashindwa na mbwa?"

Wakamkokota kwa kamba mpaka ndani, wakamwacha katikati ya chumba, wakaenda zao. Kifungo akatoka chini ya cherehani, meno nje.

Tangu siku hiyo mlango wa kati haufunguliwi ovyo. Mmoja mbele, mwenzake nyuma, na wa nyuma analia huku anakwangua mbao. Bibi harusi mmoja kachukua kitambaa chake na kuondoka. "Shangazi, nimekuja kupimwa au kung'atwa?"

Juzi shangazi akapata wazo la kifundi. Akakata gauni lake kuukuu la kazini, akamshonea Bosi koti.

"Kifungo akinusa harufu yangu, atajua huyu ni wa nyumbani."

Likamkaa vizuri, sikatai. Akafungua mlango. Kifungo akanusa. Akanusa tena. Halafu akamrukia, akawa analing'ang'ania lile gauni kama vile shangazi mwenyewe kamezwa na anamtoa. Shangazi akaingiza mkono kuwaachanisha.

Kashonwa kiganja cha kulia, kile kinachosukuma kitambaa. Nani kamng'ata, hataki kujua. "Hizi nyuzi ningezipanga vizuri kuliko wewe," akamtania daktari, kisha akaanza kulia na hakunyamaza mpaka nyumbani.

Jana baba mwenye nyumba kasimama mlangoni. "Mama, Jumamosi nikute mbwa mmoja. La sivyo, toa cherehani yako."

"Nimtoe nani?" shangazi ananiuliza mimi. "Huyu ndiye anayenijua. Na yule ndicho kilichobaki cha mdogo wangu."

Hawezi kutamka, basi natamka mimi: ni Bosi. Kifungo ni mzee, hakuna atakayemchukua.

Kwa hiyo acha ushauri. Kama una uwanja wenye uzio na huna mbwa mwingine, niandikie kabla ya Jumamosi. Bosi ni mpole kwa watu, anapenda kulala juu ya miguu yako. Mruhusu shangazi aje kumwona. Na lile koti, hata lilivyochanika, tafadhali usimvue.