Sauti Nyuma ya Pikipiki Nyekundu

Kama unasoma ili mwishoni useme nimetunga, ishia hapa hapa. Sina kipaji cha kutunga. Shuleni mwalimu huandika "fupi mno" chini ya insha zangu, na ni kweli, huwa sina la kusema. Hiki nakiandika kwa sababu kilinitokea mimi, hapa Guangzhou, alasiri, nikiwa na akili zangu timamu. Watu wawili wengine walikuwepo. Mmoja ukimuuliza atakwambia kama ninavyokwambia. Wa pili atakataa kulizungumzia, na hilo pia ni jibu.

Kwanza nikueleze kazi yangu. Mama hununua nguo za jumla kule mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzisafirisha nyumbani. Mimi nimekulia huku, na Kichina nilikiokota kwa watoto wa majirani kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo watu wa nyumbani wakija kutafuta mzigo, Mama huwaambia, "Nendeni na binti yangu, atawatafsiria."

Ni ajabu, maana mimi nina aibu kupita kiasi. Mtu akinitazama usoni maneno yote yanakauka. Lakini kutafsiri naweza, kwa sababu nina njia yangu: natazama chini. Natazama viatu vya watu. Sauti ikija kwa Kichina naitoa kwa Kiswahili, ikija kwa Kiswahili naitoa kwa Kichina, na mwenyewe sitii neno. Nasema "mimi" kama anavyosema mwenye maneno. Laoban, yaani bosi wa duka, akisema "mimi siwezi kupunguza", na mimi nasema "mimi siwezi kupunguza". Wateja walinipenda. Walisema ni kama sipo.

Basi akaja Mjomba, kaka yake Mama, kutoka Njombe. Ni mzee wa kanisa na mkulima wa viazi. Shamba lake liko juu kabisa kwenye mteremko, mbali na nyumba za watu, na nguruwe pori walikuwa wanalimaliza. Bunduki ya kuwindia anayo, kibali anacho, ila goti lake la kulia lilishakufa. Akifika juu kwa mguu, nguruwe wameshashiba wameondoka. Alikuja kutafuta pikipiki ya magurudumu manne, ya kuwindia na ya kubebea viazi.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "natafuta mnyama wa kunipandisha na kunirudisha. Kupanda ni rahisi, hata punda anapanda. Kurudi ndiyo kazi. Kule juu ukikwama, utamwita nani?"

Tulikwenda kwenye ghala moja huku Baiyun, upande wa uwanja wa ndege. Mvua ilikuwa inajikusanya na ndani mlikuwa na giza giza. Laoban wa pale alivaa kandambili na alivuta sigara bila kupumzika. Alikuwa amebakiza pikipiki mbili za namna hiyo. Ya kijani ilikuwa pana, imekaa chini, injini ndogo, inakwenda kwa shafti, si mnyororo. Nyekundu ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, injini kubwa, karieri mbele na nyuma, winchi ya kujivutia ukikwama, na mahali pa kuwekea bunduki.

Mjomba hakuwa na haraka. Alilala sakafuni akatazama difu. Alibonyeza shokamzoba, akanusa oili, akatikisa usukani. Halafu akasema, "Hii ya kijani imekaa kama chura."

Nikatafsiri. Laoban akacheka. "Mwambie chura hanywi mafuta mengi."

"Na mwambie mimi sitaki chura, nataka farasi," Mjomba akasema, akipigapiga tangi la ile nyekundu. "Hii inapanda mlima ikiwa na mzigo nyuma?"

Nikauliza kwa Kichina. Jibu likaja. Lilitoka kushoto kwangu, nyuma ya tairi la nyuma la ile nyekundu, na sikushangaa, nikadhani ni mfanyakazi wa ghala. Sauti nzito, ya polepole. Lafudhi haikuwa ya watu wa hapa mjini. Ilikuwa ya watu wa milimani, wale wanaomeza mwisho wa maneno. Nikatafsiri kama kawaida yangu.

"Kupanda itapanda. Lakini ukipakia nyuma, na majani yakiwa mabichi, pua inanyanyuka."

Mjomba akakunja uso. "Hata nikiweka uzito mbele?"

Nikauliza.

"Hata ukiweka. Utajua imenyanyuka ukishaona mbingu."

"Huyu anajua kazi," Mjomba akasema. Alipenda. "Muulize, ikinyanyuka nafanyaje? Naruka?"

Nikauliza. Hapo nikaona viatu vyake, maana ndivyo ninavyotazama. Gambuti nyeusi za shambani, zimejaa tope jekundu, bichi. Nilifikiri tu kwamba sakafu itachafuka. Niamini, sikuwaza kingine.

"Mimi niliruka upande wa chini," nikasema, kama alivyosema. "Ikanifuata. Nililala chini yake usiku mzima. Niliwasikia watu bondeni wakiongea, wao hawakunisikia. Chukua ile pana."

Mjomba akageuka kwa laoban. "Pole sana, bosi. Kumbe ulipinduka nayo? Uliumia wapi?"

Nikaitafsiri pole yake. Kandambili za laoban zilikuwa mbele yangu, kulia. Hazikusogea. Akasema taratibu, "Nani kapinduka? Mimi sijasema kitu tangu tulipoongea habari ya chura, kila nikitaka kujibu wewe umeshaanza. Wewe binti unatafsiri maneno ya nani?"

Nikainua uso. Sijui mara ya mwisho niliinua uso lini mbele ya wageni. Nyuma ya ile nyekundu hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta, na sakafuni alama mbili za soli, za tope bichi, zimetazama kwetu.

Utauliza, nilipiga kelele? Hapana. Niliogopa? Ndiyo hilo linalonisumbua hadi leo, sikuogopa. Nilikufa ganzi. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini hausikii. Nikamwambia laoban kila neno nililosikia, na lafudhi yake. Akazima sigara. Akaenda mlangoni, kwenye kile kimadhabahu kidogo cha sakafuni wanachowekea miungu machungwa, akawasha udi. Aliporudi alikuja na tambara la kupigia deki, akafuta zile alama mwenyewe. Wafanyakazi alikuwa nao wawili nje, hakuwaita.

"Chukueni ya kijani," akasema. "Au msichukue chochote. Nyekundu mimi siisifii."

Nikamtafsiria Mjomba. Mjomba alikuwa ameshavua kofia. Akaweka mkono kwenye kiti cha ile nyekundu, akakemea kwa jina la Yesu, kwa sauti kubwa, mpaka wale wafanyakazi wakachungulia. Halafu akavaa kofia yake.

"Angekuwa mtu, ningemsikiliza," akasema. "Mtu ana uzoefu. Hili ni pepo, na pepo hakutakii mema. Likikwambia acha, ujue hapo ndipo pana baraka yako. Mwambie naichukua nyekundu."

"Mjomba," nikasema, "lakini alichosema kina akili."

"Umeanza lini kutoa maoni? Tafsiri."

Nikatafsiri. Laoban alimuuzia, akakwepa kumtazama machoni. Kwenye treni ya metro Mjomba alinisimulia habari za kwaya yao. Nyumbani nilikula wali wote. Mama akauliza siku ilikuwaje, nikasema kawaida.

Pikipiki ilipakiwa melini bandari ya Nansha, ikafika Njombe salama. Mjomba akaanza kututumia picha. Nguruwe pori amefungwa kwenye karieri, Mjomba kasimama na bunduki, kicheko hadi magego. Chini ya picha moja aliniandikia, "Msalimie pepo wako." Niliangalia ile picha bila kuhisi chochote. Nikajibu, "Hongera Mjomba."

Mvua zilipokolea, hakurudi kutoka shambani jioni moja. Walimpata asubuhi. Alikuwa amempakia nguruwe nyuma, mkubwa, anapandisha kwenye majani mabichi ili ashike njia ya kurudia. Pua ikanyanyuka. Aliruka upande wa chini, maana akili ya mtu ikishtuka huruka inakojua yenyewe. Ikamfuata. Mguu uliovunjika ni ule uliokuwa mzima. Kwa baridi ya Njombe na mvua ile, daktari alishangaa kumkuta hai.

Mama alilia sana. Mimi nilimshika bega na kutazama sakafu.

Kisha Mjomba akanitumia sauti kwenye simu, mimi peke yangu. Nakuandikia kama alivyosema.

"Mjomba, uko peke yako? Usimsikilizishe mama yako hii. Sikuwa peke yangu kule. Kulikuwa na mtu kakaa karibu na kichwa changu. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikuweza kugeuka, niliona gambuti tu. Kila nikifumba macho, anasema. Neno lile lile, kwa sauti ya kugomba. Mwanzoni nilikemea. Hakuondoka. Nikachoka kukemea, yeye hakuchoka. Mchungaji nimemwambia nilikuwa naomba usiku kucha. Sasa wewe nitafsirie. Alikuwa anasema hivi: biye shuwei. Biye shuwei. Mpaka kunakucha."

Nilielewa mara ya kwanza. Lakini niliisikiliza tena na tena, kwa sababu lile neno, kwenye mdomo wa Mjomba asiyejua Kichina hata cha salamu, lilikuwa na lafudhi ya milimani, mwisho wake umemezwa.

Nikamwandikia: "Alikuwa anasema, usilale."

Halafu akaandika, "Basi sikulala."

Tangu siku hiyo natafsiri nikiwa nimetazama midomo. Wateja wa Mama wanalalamika, wanasema binti yako siku hizi anakodoa macho kama askari. Aibu haijaniacha, uso unaniwaka kila mara, lakini siwezi tena kutoa neno kabla sijaona limetoka kwa nani. Na nikishaona, bado najiuliza kama wote tunamwona.

Na wewe, ikiwa siku moja utakwenda kuchagua mashine ya kukupeleka peke yako mahali pasipo na mtu, kagua difu, kagua shokamzoba, pima upana wake. Na sauti ikikwambia hii itakulalia, usianze kwa kuuliza ni mtu au si mtu. Uliza kwanza kama inasema kweli. Mjomba sasa anatembea kwa magongo mawili. Shamba ni la nguruwe. Usiku, anasema, bado hathubutu kulala kabla hajawasha taa na kuangalia pembeni ya kitanda, chini, mahali ambapo mtu angeweka miguu.